Faru Fausta Aingia Darasani Kisongo

Basi la kutoka Tanga likishaipita Mombo, mkonge unapungua, vichaka vinazidi, na milima ya Upare inakaa mkono wa kulia hadi Mwanga. Sikuwahi kufika huko kabla ya safari hii. Tulipokaribia Same nilikaza macho dirishani, maana nyuma ya milima hiyo iko Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambako faru weusi walioletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997 walianzishiwa makazi ndani ya uzio. Mwaka 2009 wakaongezwa watatu kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki. Mkomazi walianzisha mpango uitwao Rafiki wa Faru: watoto wa shule za vijiji vya jirani walipakiwa kwenye basi, wakapelekwa kumwona mnyama mwenyewe, wakafundishwa habari zake. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, na mpango huo ulikuwa kichwani mwangu safari nzima hadi Arusha.

Mwenyeji wangu tulisoma pamoja chuo cha ualimu. Sasa anafundisha Kisongo, magharibi mwa jiji la Arusha, na alikuwa ameniomba nije tushirikiane darasani.

Asubuhi tulipanda Hiace. Baridi ya Arusha haina huruma kwa mtu wa Pwani. Nilijifunika khanga juu ya sweta. Tukaliacha jiji, tukapita mashamba ya kahawa ya Burka, tukaupita uwanja mdogo wa ndege ambako vindege vya Serengeti huruka, kisha nchi ikafunguka ikawa tambarare, kavu, yenye vumbi. Nilipogeuka nyuma nikauona Mlima Meru mzima, mita 4,566, wingu limeukata kiunoni. Konda akaniambia, “Mama, Kisongo ndiyo hapa.”

Jambo la kwanza nililoliona ni magari ya watalii. Barabara hii ndiyo iendayo Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, na mbele Ngorongoro na Serengeti. Tangu alfajiri yanapita, mapaa yao ya kuinuka bado yamefungwa, na watoto wanayapungia mikono wakienda shule. Kreta ya Ngorongoro haifiki kilomita mia mbili kutoka pale. Niliwauliza wanafunzi wa darasa la sita nani amewahi kumwona faru, na hakuna mkono uliopanda. Wageni wamevuka bahari kuja kumtazama mnyama ambaye mtoto wa jirani hajamwona, na jambo hili liliniuma zaidi ya nilivyotarajia.

Shuleni wakubwa walisema “Shikamoo, mwalimu.” Wadogo walikuja wameinamisha vichwa, wakasimama wakisubiri niwaguse utosini, kama ilivyo desturi ya Wamaasai na Waarusha. Ukutani palikuwa na bango la alfabeti lililonunuliwa mjini, lenye pengwini, kindi na dubu wa barafuni. Watoto waliyasoma majina yote bila kukosea. Nilipowaomba waniambie chochote kuhusu pengwini, kwa lugha yoyote waitakayo, walinyamaza. Naamini kabisa kwamba hapo ndipo ufundishaji wetu unapokwama: tunampa mtoto jina la kitu asichokuwa na neno la kusema juu yake, kisha tunashangaa anapofika kidato cha kwanza, ambako karibu masomo yote ni kwa Kiingereza, akashindwa kuuliza swali.

Bango tuliliacha lilipo. Tukaandika ubaoni hadithi fupi ya Fausta.

Fausta alikuwa faru mweusi jike wa Ngorongoro. Watafiti walimwona mara ya kwanza ndani ya kreta mwaka 1965, akiwa bado mdogo. Aliishi huru zaidi ya miaka hamsini. Uzeeni macho yake yakafifia, fisi wakamshambulia na kumjeruhi, na tangu 2016 akawekwa mahali pa kulindwa na kutibiwa. Alikufa tarehe 27 Desemba 2019 akiwa na umri wa miaka 57, na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ikatangaza kwamba huenda ndiye aliyekuwa faru mkongwe kuliko wote duniani.

Kwa Kiingereza tuliiandika kwa sentensi fupi: “Fausta was a black rhino. She lived in Ngorongoro.” Darasa lilisoma kwa utulivu mpaka tulipofika kwenye neno “hyena”. Hapo likalipuka. Fisi wanamjua! Kila mmoja alikuwa na fisi wake: aliyekuja usiku, aliyevunja boma, aliyemchukua mbuzi mwenye mimba. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mwenyeji wangu aliniambia hajawahi kujitolea kujibu, alisimama akasema, “Hyena come night, eat goat of my mother.” Mwenzangu hakumkatiza. Aliiandika sentensi yote ubaoni, akabadilisha “come” kuwa “came” na “eat” kuwa “ate”, akamwomba airudie. Aliirudia. Wengine wakataka fisi wao nao waandikwe, na wakati uliopita, ambao mwalimu alikuwa ameuhangaikia muhula mzima, ukaanza kuwatoka midomoni kwa sababu walikuwa na jambo lililokwisha kutokea na walitaka lijulikane.

Baadaye tuliingia kwenye hesabu za faru. Mwaka 1970 faru weusi barani Afrika walikadiriwa kuwa 65,000. Katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamebaki chini ya 2,500. Leo wamepita 6,000, kwa kazi ya walinzi na uzazi katika hifadhi kama Mkomazi. “There were”, “there are”: hakuna zoezi la sarufi nililowahi kutunga ambalo lilinipa tofauti hiyo waziwazi hivyo. Mvulana mmoja akauliza watu wanataka pembe ya nini. Tukamweleza habari za dawa za Asia, na za mipini ya majambia ya Yemen. Tukamwambia pia kwamba pembe ya faru imetengenezwa kwa kitu kilekile kinachotengeneza kucha. Darasa zima likatazama vidole. Wakajifunza “nail”, “hair” na “hoof” palepale, na nina hakika hawatayasahau.

Mwisho wa kipindi tuliwauliza hadithi inayofuata iwe ya mnyama gani. Nilidhani watasema tembo, au twiga. Walichagua tumbusi, ndege wanayemwona juu ya mizoga malishoni. Mwaka 2015 IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, iliwaingiza tumbusi wa aina kadhaa za Afrika, akiwemo tumbusi mgongo mweupe, katika kundi la walio hatarini mno kutoweka, na sumu ni sababu kubwa. Mfugaji aliyepoteza mifugo hutia sumu kwenye mzoga ili amuue fisi au simba, na ndege wakishuka kula wanakufa kwa makumi.

Jioni tulibishana, mwenyeji wangu na mimi. Nilitaka tuanze na kazi njema ya tumbusi ya kusafisha mizoga, sumu ije mwishoni kwa upole, maana ni aibu kumfundisha mtoto kumlaumu baba yake. Yeye alitaka sumu itajwe mapema, mtoto ajue hatari iliyo mbele yake malishoni. Kesho yake tulimwuliza mvulana anayechunga kila Jumamosi. Akatuambia hadithi ianze na mbuzi walioliwa, la sivyo wazazi hawataisikiliza. Tukaiandika alivyosema. Darasa la sita wataisoma kwa Kiingereza, na kwenye kikao cha wazazi mwenyeji wangu ataisoma kwa Kiswahili, kisha awape nafasi wafugaji wenyewe waseme boma linaimarishwaje ili fisi asiingie.