Bati la Babu

Uliwahi kumuuliza babu yako vita vilikuwaje? Mimi sikuwahi. Babu yangu wa Kinyangiri alikwenda Vita vya Kagera akiwa mgambo, baada ya nduli Idi Amin kutuvamia Oktoba 1978. Kampala ilipotekwa Aprili 11, 1979, naye alikuwemo. Akarudi kulima. Kila likizo nilisema, "Safari ijayo nitamrekodi." Kazi yangu si ndiyo hiyo, kuhoji watu? Babu akafa, mimi niko bize Dar.

Juzi nilikwenda na mume wangu. Tukamkuta bibi anapimia alizeti kwa bati la chakula la jeshi.

"La babu yako hilo," akasema. "Miezi yote ile sikupata barua. Nikawa nalala bila kufunga komeo, asije akarudi usiku akadhani nimemchoka."

Kumbe naye alikuwa na vita vyake! Tukakaa chini, nikawasha simu kurekodi.

Mashujaa waliozikwa Kaboya, Muleba, taifa linawakumbuka kila Julai 25. Waliorudi wakafia vijijini, tuwakumbuke sisi. Bibi yako bado yupo? Mpigie leo.