Soo Tano za Betri

Wasee, leo sina utani sana. Nataka kukiri kitu.

Nikiwa kidato cha tatu, anko wangu aliacha betri ya gari imekufa hapo kwetu nyuma ya nyumba. Ilikaa miezi. Siku moja yule jamaa wa vyuma kuukuu akapita na mkokoteni, akaishika, akaipima kwa mkono. Akaniambia, "Kijana, mwaga hayo maji kwanza. Mimi silipii maji."

Nikamwaga. Hapo hapo kando ya mfereji, hatua tatu kutoka kwa sukuma za mathe. Tone likarukia suruali yangu, na baada ya siku mbili nikaona tundu. Nikacheka. Alinipa soo tano, nikanunua bando na smokie, maisha ikaendelea.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta stori ya video, nikaangukia Owino Uhuru, ule mtaa wa Mombasa. Kulikuwa na kiwanda ukutani mwa nyumba za watu kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido aliajiriwa hapo. Mtoto wake mchanga akaanza kuugua, madaktari wakahangaika, mwishowe damu yake ikapatikana na risasi. Mama huyo hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014, mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman, na 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikakatiwa rufaa, ikazunguka hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 ilirudisha uamuzi huo. Hesabu hiyo miaka. Mtoto aliyekuwa anatambaa kiwanda kikiwa wazi sasa ana ndevu.

Nikiwa hapo nasoma, nikakumbuka yale "maji" yangu.

Si maji. Ni asidi ya salfa, na ndani yake kuna chembe za risasi zilizobanduka kwenye vile vibamba. Asidi hatimaye hupoa ardhini. Risasi haiendi popote. Haiozi, haichomeki ikaisha, inakaa tu kwenye udongo wa juu, pale pale watoto wanapochezea. Na mwili wa mtoto huinyonya kuliko wa mtu mzima, ukaihifadhi kwenye mifupa kana kwamba ni kalsiamu. Inagusa ubongo. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, hata kidogo.

Sasa, mdogo wangu ana miaka minne. Kalongolongo yake yote huchezwa hapo kando ya mfereji. Anapika chapati za udongo na anazionja, huyo.

Sisi hupenda kusema sumu hutoka viwandani. Kweli, viwanda vikubwa ndivyo vyenye deni kubwa. Lakini kuna droo kwenu yenye simu tatu zimekufa na betri zimefura, na kuna msee mtaani anachoma nyaya apate kopa. Betri ya gari ukiiuza, iuze nzima, na maji yake ndani. Mnunuzi akikataa, tafuta mwingine.

Nilimwambia mathe jioni, akiwa anakata sukuma. Alisimamisha kisu.

"Kwa hivyo umetulisha sumu kwa soo tano?"

Sikuwa na jibu. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kesho yake aling'oa sukuma zote, na sasa anapanda kwenye magunia, udongo umetoka kwingine. Tumefunika pale kwa kokoto pia.

Lakini kokoto haitaniambia kilicho ndani ya dogo. Ni kipimo cha damu pekee. Pale zahanati walisema hawana, lazima iende maabara kubwa, na bei waliyotutajia si ya mathe.

Kwa hivyo nauza ile taa yangu ya kushuti. Iko poa, haina shida, na stendi yake ipo. Mwenye anaitaka aniandikie leo.