Shari Iliyo Pambo
Wajapani hulea miti midogo vyunguni, iitwayo bonsai. Tawi likifa, si lazima walikate: huliambua gome, hulichonga kwa kufuata nyuzi zake, na kuliita jin. Shina lililokauka upande mmoja huliita shari. Kwetu shari ni ubaya. Kwao ni pambo. Hulipaka dawa ya chokaa na salfa, likawa jeupe, lisioze upesi.

Tunaoanza, tujaribu kwanza tawi ambalo lingekatwa hata hivyo. Lakini gome hai liunganishalo mizizi na majani tusiliguse: likikatika lote, mti hufa. Nasi walezi tusimlazimishe kijana kuficha kovu lake, wala tusichimbe pale uhai wake unapopita.