Gerezani, Kutafuta Pampu ya Usukani

Anayeingia Gerezani, Kariakoo, hupokewa na harufu ya oili kabla ya salamu. Nilifika huko na fundi wetu, fedha za waumini zikiwa mfukoni. Usukani wa gari letu la kubebea maiti ulikuwa ukilia kila kona, tena mzito, hata dereva, mtu mzima, akashindwa kuugeuza langoni pa makaburi.

Muuzaji wa kwanza alitoa pampu mpya ya bei nafuu, boksi likimetameta. Fundi hakulijali boksi. Alilinganisha namba na ile ya zamani, akaushika mhimili kwa vidole na kuutikisa, ukacheza. Akairudisha. Duka la tatu tulipata ya mtumba kutoka Japani, sili zake kavu, mhimili umetulia. Bei ilikuwa kubwa zaidi. Nikasita, kwani hesabu hiyo nitaisoma mbele ya kamati.

“Katibu, na mpira wa presha,” akaongeza. “Huu wa maji utapasuka.” Akataka pia hidroliki mpya, maana chembe za chuma zilizobaki katika ile ya zamani huiharibu pampu ngeni.

Muuzaji aliandika “spea” tu kwenye risiti. Nikamwomba aandike upya.