Wahunzi wa Mbalamwezi

Msafiri ashukaye gari moshi katika stesheni ya Kigoma amefika mwisho wa reli. Mbele yake ni Ziwa Tanganyika, na siku ya hewa safi ataona milima ya Kongo ng'ambo ya maji kama kivuli cha buluu. Kutoka hapo barabara yapanda Mwanga, kisha yaelekea Ujiji. Siku hizi Kigoma na Ujiji ni manispaa moja, na Rusimbi ni mojawapo ya kata zake. Wageni wengi hupita upesi kwenda Ujiji kuutazama mnara wa mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Rusimbi hawasimami. Hakuna mnara Rusimbi. Kuna nyumba za matofali, miembe, michikichi, na watoto wanaorudi shuleni.

Lakini mtu apitaye huko alasiri, katika juma la mwezi mpevu, na atege sikio. Nyuma ya nyumba mojawapo atasikia nyundo: pigo moja zito, mawili mepesi, halafu kimya kidogo chuma kikirudishwa motoni. Huyo si fundi mwenye kiwanda wala kibao cha biashara. Ni mvuvi aliye mapumzikoni.

Ndugu msomaji wa mbali na ziwa atauliza: Uvuvi na mwezi vyahusianaje? Jibu ni rahisi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta samaki katika giza, ndipo wavu huwazoa. Mwezi ukiwa mkubwa, nuru ya taa hupotea katika nuru ya mwezi, samaki hutawanyika, na mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa. Katika siku hizo mvuvi hushona nyavu, huziba mtumbwi, hulima kidogo. Wengine hukaa kijiweni tu mpaka fedha ziishe. Na wachache huwasha makaa, wakafua chuma kwa kuipenda kazi yenyewe. Tangu mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, faida ya kuwa na kazi ya pili mkononi imeonekana wazi zaidi.

Mmoja wao ni mzee ambaye hakutaka jina lake liandikwe gazetini. Nilipomwamkia, "Shikamoo, Mzee," aliitikia bila kuinua macho, "Marahaba, Karani. Karibu, ila usikae upande huo. Cheche hazimjui mgeni."

Kiwanda chake ni kivuli cha mwembe. Moto wake ni shimo dogo lililosiribwa kwa udongo. Pumzi ya moto haitoki tena katika mvukuto wa ngozi ya mbuzi, bali katika feni ndogo inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli na mkanda wa mpira. Mjukuu wake huzungusha, naye hufua. Hutengeneza nanga za mitumbwi, visu vya jikoni, mashoka ya kukatia mikungu ya michikichi, na majembe yaliyolika huyaongezea ncha. Vingine huviuza, vingine huwapa jirani.

Nilichokwenda kukitazama hasa ni fuawe yake, yaani kile kitu cha chini ambacho chuma chenye moto huwekwa juu yake kikapigwa. Fuawe ya dukani, yenye pembe kama zionekanavyo vitabuni, hapa haipo. Ipo ekseli ya lori iliyovunjika, imezamishwa wima katika kisiki cha mwembe, na kile kichwa chake cha duara na bapa kimetazama juu. Mzee ameisugua kwa tupa na mchanga mpaka ikang'aa. Ndiyo fuawe yake, na kazi itokayo hapo ni nzuri.

Tusidhani kwamba hili ni jambo la umaskini wa siku hizi tu. Babu zetu walifua juu ya jiwe gumu, tena mara nyingi kwa nyundo ya jiwe. Huko Ufipa, kusini mwetu, walijenga tanuri za udongo ziitwazo malungu, zenye kupita mita 3 kwenda juu, wakayeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya miti yao wenyewe. Wahaya nao walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Sehemu nyingi za magharibi ya nchi yetu jembe la chuma lilihesabiwa kama mali, likatolewa mahari. Majembe ya viwandani yalipofika kwa bei ndogo, matanuri yakapoa. Ila ujuzi wa nyundo haukufa wote.

Kisha chuma chenyewe kikaja kwa gari moshi. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, na Februari 1914 reli ikafika Kigoma, mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Nyuma yake ikaja meli nzima ikiwa vipande ndani ya masanduku. Meli hiyo ni Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikavuka bahari, ikapakiwa katika mabehewa. Hapa Kigoma mabamba yake yaliunganishwa tena kwa ribiti zilizopashwa moto na kugongwa kwa nyundo, nayo ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wasiiache mikononi mwa adui. Ikalala chini ya maji mpaka mwaka 1924 ilipoinuliwa. Mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba, ikachukua abiria na mizigo kwa miaka mingi mno. Basi watu wa pwani hii walikwisha kujifunza tangu zamani kwamba chuma kilichotupwa si chuma kilichokufa.

Sasa, ni chuma gani kinafaa kuwa fuawe? Mzee alinieleza kwa utaratibu, nami niliyefundishwa ualimu chuoni niliona kwamba huyu ni mwalimu kunipita.

Jambo la kwanza ni uzito chini ya nyundo. Nyundo yake ni ya kilo 1, na ekseli ile aliipima kwa mzani wa dagaa, ikapita kidogo kilo 20. Fuawe nyepesi huruka, na nguvu ya mkono hupotea katika kuruka kule. Iliyo nzito na kushikwa imara hurudisha nguvu yote ndani ya chuma kinachofuliwa. Kwa sababu hiyo kipande kirefu husimamishwa wima ili uzito wake wote uwe chini ya pigo. Kikilazwa, sehemu kubwa ya uzito huwa pembeni, haisaidii.

Jambo la pili ni ugumu. Chukua gololi ya beringi, iachie kutoka urefu wa shubiri juu ya chuma unachokijaribu. Ikiruka juu sana, chuma hicho ni cha pua, kinafaa. Ikianguka kama iliyodondoka juu ya mbao, ni chuma laini, kitabonyea. Tena jihadhari na chuma cha kumimina, kama cha injini nyingi kuukuu: ni kigumu lakini hupasuka, na kipande chaweza kuruka machoni.

Jambo la tatu ni kutulia. Kisiki kizikwe ardhini kiasi cha dhiraa moja, na uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya ngumi yako ukisimama wima mikono ikining'inia. Ukiwa chini mno, mgongo utauma. Ukiwa juu mno, bega litachoka.

Hapo nikamwuliza swali ambalo msomaji naye atakuwa analo: Kwa nini asitumie kipande cha reli? Hakika reli ni chuma kizuri sana kwa kazi hii. Ile nzito ya njia kubwa huwa na kilo 40 hivi kwa kila mita, hata nusu mita tu yatosha kuwa fuawe, nayo ni ngumu, haibonyei upesi. Duniani kote wahunzi wa nyumbani huipenda.

Mzee aliweka nyundo chini. Akasema kwamba miaka michache nyuma, alipokuwa bado anafulia juu ya jiwe, kijana mmoja alimjia baada ya magharibi na kipande cha reli ndani ya gunia, pamoja na vile vibamba vya kuungia reli na bolti zake. Bei ilikuwa ndogo. Mkato ulikuwa mpya, unang'aa.

"Nilikitamani, Karani," akasema. "Mwaka mzima nilikuwa natafuta kitu kama kile. Nikamwuliza, kimetoka wapi? Akasema, Mzee, wewe nunua tu. Nikamwambia, mwanangu anasoma Tabora. Hupita juu ya reli hiyo kila likizo. Ondoa gunia lako mbele yangu."

Kijana aliondoka kwa hasira. Mzee akaendelea na jiwe lake miezi minane, mpaka alipoipata ekseli kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu, mchana kweupe, kwa stakabadhi. Karatasi hiyo anayo mpaka leo. Amenionyesha, imefungwa katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi yake ya kliniki.

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Bolti moja ikitoka njiani haionekani. Zikitoka kumi, reli yachezacheza. Behewa likianguka, aliyeuza bolti hayumo ndani yake. Waliomo ni mama na mtoto mgongoni, mwanafunzi na sanduku lake, mfanyabiashara na magunia ya dagaa. Mwizi wa reli hana soko ila kuna mnunuzi, na mara nyingi mnunuzi ni mtu mwema tu ambaye hakutaka kuuliza. Sheria ya nchi humwadhibu aibaye na humwadhibu apokeaye. Wazee walisema: Mchuma janga hula na wa kwao. Basi anayetaka kipande cha reli, na akinunue mahali panapouza kihalali, apewe karatasi. Akikosa, ekseli ya lori ipo, kichwa cha nyundo kubwa kilichozikwa kisikini kipo, hata lile jiwe la babu lipo.

Kwa kijana atakayependa kuanza, nitaongeza maonyo machache niliyoyapata hapo hapo mwembeni. Usitie motoni bati wala bomba lililopakwa zinki, kwa maana moshi wake mweupe huleta homa na kuumiza mapafu. Usitie motoni kitu chochote kilichofungwa pande zote, kama shokomzoba ya gari au bomba lililozibwa: kilichomo ndani hupanuka kikalipuka. Vaa viatu vya ngozi na nguo za pamba, si za nailoni ziyeyukazo mwilini. Linda macho.

Kuhusu kufua, springi ya lori ndiyo chuma kizuri cha kisu na shoka. Kifue kikiwa rangi ya machungwa, na kikirudi kuwa chekundu cha giza, usikipige tena, kirudishe motoni, maana hupasuka. Kazi ikimalizika, kipashe mpaka sumaku ya spika ya redio iliyoharibika isikivute tena, ongeza moto kidogo tu, kisha kizamishe katika mawese yaliyopashwa vuguvugu ndani ya chombo cha chuma, na kifuniko kiwe karibu kwa sababu mafuta huweza kushika moto. Maji huipasua springi. Baada ya hapo chuma ni kigumu lakini chavunjika kama kioo. Basi kisugue king'ae, kipashe polepole, nawe tazama rangi zinavyotembea: kwanza ya nyasi kavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Kisu kiishie kwenye nyasi kavu. Shoka liende mpaka zambarau au buluu.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chamtaja mhunzi aketiye karibu na fuawe yake, na chakiri kwamba bila watu wa kazi za mikono mji haukaliki. Rusimbi maneno hayo yana ushahidi. Shoka la jirani hukata mkungu wa mchikichi, mafuta hujaza chupa, chupa hulipa ada ya shule. Nanga huushika mtumbwi upepo wa kusini uvumapo.

Wazazi, mkiona kijana wenu anaokotaokota vyuma, msimfukuze kama mchafu. Mwulizeni mambo mawili tu: Wataka kutengeneza nini? na, Umekitoa wapi? Akiwa na jibu jema kwa yote mawili, mtafutieni kisiki.