Siku Moja Makongolosi: Dhahabu na Amana

Msafiri atokaye Singida kwa baiskeli akielekea Mbeya hukuta mbele yake nchi kubwa ya misitu ya miombo, ambamo aweza kwenda kutwa nzima asionane ila na wachungaji, warina asali na malori machache. Kutoka Mkiwa, kupita Itigi na Rungwa, hata kufika Makongolosi ni kilomita 413. Sisi tulikuwa wanne, nasi tuliumaliza mwendo huo kwa siku nane. Tulipoingia Makongolosi jioni ya Alhamisi, nguo zetu, mizigo yetu na nyuso zetu zote zilikuwa rangi moja ya vumbi, na shingo zetu zimevimba kwa kuumwa na mbung'o. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia wala baiskeli iliyovunjika kabisa.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza: Yafaa nini kujitesa hivi katika zama za mabasi? Jibu letu ni kwamba apandaye baiskeli huiona nchi, na nchi humwona. Mwaka 2010 vijana wawili Waislamu wa Cape Town waliendesha baiskeli zao kwenda Hija, wakapita katika nchi yetu, na watu waliokutana nao njiani wakawapokea kama ndugu. Tena, tangu mwaka 2003 yamekuwapo makundi ya wageni waendeshao baiskeli kutoka Cairo mpaka Cape Town, kiasi cha kilomita 12,000. Safari yetu sisi ilikuwa ndogo mno mbele ya hizo. Tulikusudia kumzuru mzee wetu aliyeko Mbeya, na kuwaonyesha vijana wetu sehemu ya nchi wanayoisikia kwa jina tu.

Kabla ya kuondoka tulifuata mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) kwa wasafiri, tukamteua mmoja wetu awe amiri. Kisha tulichanga fedha za chakula, za matengenezo na za nauli ya kurudia, tukamkabidhi kijana wetu mdogo kuliko wote, mwenye umri wa miaka 19, azitunze katika mkoba wake. Tulifanya hivyo makusudi, ili ajifunze kubeba amana. Hatukujua kwamba somo lenyewe lilikuwa likimngojea Makongolosi.

Ijumaa asubuhi tulitoka kuutazama mji. Makongolosi ni mji mdogo katika Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya, lakini pilikapilika zake ni za mji mkubwa. Pikipiki zapita na viroba vya mawe, mama lishe wakaanga maandazi, maduka yauza sururu, makoleo, kamba na mabuti ya mpira, na kwa mbali zasikika karasha, yaani mashine za kusaga mawe, zikinguruma bila kupumzika. Wenyeji wa nchi hii ni Wakimbu na Wabungu, lakini barabarani utasikia lafudhi za kila pembe ya Tanzania. Wote wameitwa na kitu kimoja, nacho ni dhahabu.

Wito huo si wa leo. Dhahabu ya mto Lupa ilijulikana tangu miaka ya 1920, na thamani ya dhahabu ilipopanda duniani baada ya mwaka 1931, watu walimiminika hapa kwa maelfu, Wazungu na Waafrika. Chunya ikawa mji wa maduka na mahoteli, na mji wa Mbeya wenyewe ulikua kwa sababu ya dhahabu hiyo. Baadaye mambo yakapoa. Mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa mwaka 1956, na nyumba nyingi za Chunya zikabaki kuta tupu. Leo wachimbaji wamerudi kwa wingi, na tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini katika wilaya zenye migodi, ili dhahabu ipimwe na kuuzwa hadharani.

Tulipeleka baiskeli zetu kwa fundi mmoja mzee, aliyeketi chini ya mwembe na sanduku lake la spana, tyubu kuukuu na gundi. Tulimwamkia, naye akatuitikia kwa furaha alipotambua kuwa tu Waislamu wenziwe. Alipokuwa akinyoosha rimu yetu moja, alitueleza kuwa yeye naye alichimba kwa miaka mingi.

"Wanangu," alisema, "mimi nimeishika dhahabu kwa mkono huu. Siku moja niliuza nikapata fedha za kujenga nyumba, na kabla mwezi haujaandama nilikuwa sina nauli ya kwenda kumzika mama yangu. Kiraka hiki ninachobandika hakinitajirishi, lakini kila jioni najua nilichokipata na nilikokipata."

Tulicheka kwa adabu, lakini kijana wetu hakucheka. Baadaye tulijua sababu. Alfajiri, alipokwenda kununua maandazi, alikuwa amekutana na mchimbaji mmoja wa rika lake, kijana mpole aliyesimama naye safu moja katika sala. Mchimbaji huyo alimweleza kuwa yeye na wenziwe wana shimo, ambalo wenyewe huliita duara, na kwamba wamekaribia kuufikia mwamba wenye dhahabu, ila wamekwama kwa kukosa fedha za mafuta ya kuendeshea pampu ya kutolea maji. Atakayewasaidia leo atapewa mgao wake katika viroba vya mawe yatakayotoka. Kijana wetu alikuwa ameahidi kumpa jibu baada ya sala ya Ijumaa. Naye alikuwa na fedha. Zilikuwa fedha zetu.

Alipotufunulia jambo hili, mmoja wetu alikasirika sana, akataka mkoba urejeshwe papo hapo. Amiri wetu alikataa. Alisema kuwa kijana ametuambia kabla ya kutenda, na hiyo peke yake ni alama ya uaminifu. Basi na twende msikitini, kisha tuulize wenye elimu.

Msafiri hakufaradhishiwa sala ya Ijumaa, lakini ni nani apitaye msikiti siku hiyo akajinyima? Msikiti ulijaa. Wengi walikuwa vijana, na baadhi yao mikono yao ilikuwa na makovu ya kazi. Baada ya sala tulimwendea shekhe tukamweleza habari yetu yote. Alitusikiliza kwa utulivu, kisha akampa kijana wetu majibu matatu.

Kwanza, alisema, kuchimba dhahabu ni kazi halali, na kushirikiana ndani yake ni halali, maadamu mafungu yajulikane tangu mwanzo na hasara iwe ya wote kama ilivyo faida. Lililo baya ni lile la mwenye fedha kumkopesha mchimbaji kwa sharti kwamba dhahabu atamwuzia yeye tu, tena kwa bei ya chini kuliko ya soko. Kwani mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa ya sharti ni mlango wa riba.

Pili, mchimbaji akijaaliwa kupata dhahabu safi iliyofikia nisabu, yaani mithqali 20, ambazo wanazuoni wengi wa leo hukadiria kuwa gramu 85, humpasa kutoa zaka yake, nayo ni sehemu moja katika 40. Katika madhehebu ya Imamu Shafi hangojei mwaka upite; hutoa mara aisafishapo. "Wengi hapa," aliongeza, "huhesabu deni la gesti na la mashine, wakaisahau haki ya maskini."

"Na la tatu, mwanangu," alisema akimtazama usoni, "hayo yote yamhusu mwenye mali yake. Wewe mali hii si yako. Hata kama mwamba uko chini ya unyayo wako, amana haichimbiwi dhahabu. Lakini usinichukulie mimi tu. Nenda ukalitazame hilo duara kwa macho yako, kisha ukate shauri."

Tulikwenda sote wanne pamoja na yule mchimbaji. Duara lilikuwa nje ya mji, katikati ya mashimo mengine mengi. Mdomo wake haukuzidi upana wa mlango, na ndani giza tupu. Magogo ya kuzuia kuta, ambayo huitwa matimba, yalikuwa machache, na maji yalionekana yaking'aa chini kabisa. Yule kijana hakutuficha kitu. Tulipomwuliza kama ana hakika ya dhahabu, alijibu: "Kaka zangu, hakika anayo Mungu. Sisi twaona dalili tu."

Tukiwa njiani kurudi tulipita penye mwalo, yaani mahali pa kuoshea mchanga uliokwisha kusagwa. Hapo tulimwona mtoto ambaye hakuzidi miaka 13 ameinama juu ya beseni, akikanda mchanga na zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki hunasa chembe za dhahabu zikawa donge moja. Kisha donge huchomwa moto, zebaki hupaa kama mvuke, na dhahabu hubaki. Hatua chache kutoka kwenye jiko la kuchomea donge, mwanamke mmoja alikuwa akipika ugali, na mgongoni amebeba mtoto mchanga.

Twapenda wazazi wasomao ukurasa huu wayajue haya. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, lakini huingia mapafuni, ukadhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni hudhurika kuliko mama yake. Itiririkayo mitoni hugeuka sumu katika samaki. Ndiyo maana mataifa yalipatana mwaka 2013 kupunguza matumizi yake, na Tanzania imo katika mapatano hayo. Mvuke huo waweza kunaswa kwa chombo kilichofunikwa vizuri, na kazi yenyewe hufanywa mbali na makazi na jiko la chakula. Ama mtoto, sheria ya nchi imemkataza kazi ya mgodini, na dini yetu yamtaka mzazi amlee, si amtumie.

Kijana wetu alisimama akimtazama yule mtoto kwa muda mrefu. Nyumbani ana mdogo wake wa umri huo huo. Mwishowe alimwendea, akamtolea salamu, akamwuliza kama anasoma. Mtoto alisema aliacha shule ili amsaidie kaka yake alipe deni la mashine. Alijibu bila kuinua kichwa, mikono yake ikiendelea kuzunguka ndani ya beseni.

Hatukusema neno mpaka tulipofika tulikofikia. Hapo kijana aliuvua mkoba, akauweka mbele ya amiri, akasema: "Zihesabuni. Hakuna iliyopungua. Lakini nilikuwa nimekwisha kuzitoa moyoni mwangu, na hilo nalo nadhani ni kupungua." Amiri hakuzihesabu. Aliusukuma mkoba ukamrudia, akamwambia aendelee kuutunza mpaka Mbeya. Tuliona machozi yakimlenga, tukageuza nyuso zetu.

Usiku alikwenda kumjibu yule mchimbaji, kwani aliahidi, na ahadi ni deni. Alimweleza kuwa fedha si zake, akamwomba radhi. Mchimbaji hakukasirika. Alimwambia kuwa laiti angalijua ni fedha za amana asingalimwomba, wakaagana kwa kuombeana dua. Mpaka tunaandika haya hatujapata habari kama mwamba waliupata au hawakuupata. Twawaombea riziki ya halali, na magogo ya kutosha katika shimo lao.

Jumamosi, baada ya sala ya Alfajiri, tuliuaga mji. Kutoka Makongolosi mpaka Chunya ni kilomita 39, na kutoka Chunya mpaka Mbeya kilomita 72, zote za lami, lakini hizi za mwisho zina mlima ambao hakuna miguu isiyoukumbuka. Tulisukuma zaidi kuliko tulivyoendesha. Tulipofika juu tuligeuka, tukaiona nchi ya Lupa imelala chini yetu, pana na ya samawi, wala hapakuonekana hata shimo moja. Kijana wetu alitufikia wa mwisho, mkoba kifuani, akihema. Aliutupia macho uwanda ule, akauliza ni saa ngapi, kisha akatangulia kuteremka.

Enyi wazazi, wapeni vijana wenu amana wangali wadogo, nanyi muwe karibu nao ziwaelemeapo. Nanyi vijana, kama riziki yenu imeandikwa chini ya ardhi, ichimbeni kwa fedha zenu wenyewe, kwa mapatano yaliyoandikwa, na kwa mizani isiyopunja. Na mkiipata, msilisahau fungu la maskini. Mwenyezi Mungu atujaalie sote kufika mwisho wa safari hali tumezirejesha amana kwa wenyewe. Amin.