Kutoka Mwanakwerekwe hadi Darajani kwa Magurudumu Mawili

Asubuhi, barabara itokayo Mwanakwerekwe kuelekea Darajani hupita baiskeli za wafanyakazi na wachuuzi. Mwendo ni kilomita 5 hivi: mfupi kwa gari, mrefu kwa miguu juani. Baiskeli nyepesi ya umeme, yenye betri ndogo, yafaa sana hapa. Hata vichochoro vya Mji Mkongwe haviizuii.

Lakini msomaji na akumbuke: umeme wa Unguja huja kutoka Bara kwa waya upitao chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima. Kuanzia Desemba 2009, miezi 3. Kwa hiyo wepesi si urembo. Betri ikiisha, baiskeli nzito ni mzigo. Nyepesi bado ni chombo cha safari, maadamu miguu ipo.